Kopo la Kodi

Kila oda ya mkoba wa ukili ilipoingia kutoka soko la mtandaoni, Bi Rukia aliona chini yake mstari wa kodi, naye akatenga kiasi hichohicho katika pesa za sukari na kukitia kwenye kopo la sukari lililobaki tupu. Tangu hapo mumewe, Mzee Shaame, akaanza kusema kwamba sukari inaharibu ladha ya chai.

Mwaka ulipoisha, Bi Rukia alilibeba kopo hadi ofisi ya kodi. Karani alizitazama oda kwenye simu aliyoonyeshwa, akatabasamu.

"Kodi hii mnunuzi ameshailipa, mama. Wenye soko humkata palepale, wakatuletea wenyewe."

"Na pesa hizi?" aliuliza, akilifungua kopo.

"Hizo ni zako."

Bi Rukia alilifunga kopo, akalifungua, akalifunga tena.

Njiani alinunua sukari nusu kilo. Nyumbani alichemsha chai, akatia vijiko viwili kwenye kikombe cha mumewe. Mzee Shaame alionja, kisha akainywa yote. Akamsogezea mkewe kikombe kitupu, huku akitazama dirishani kama mtu asiyeomba kitu.