Nyasi za Mwezi wa Saba

Epifania alikuwa akimalizia maua ya njano, yale yanayojaa mabondeni huko Pito mvua za kwanza zikinyesha, mama yake alipogeuza kichwa kitandani.

"Ni nini hicho?"

"Pazia, mama."

Kitambaa cha hariri kilikuwa kimewambwa kwenye fremu ya mbao, juu ya viti viwili. Kila ua alilizungushia mstari wa nta kwanza, kisha akagusisha brashi ndani yake. Rangi ilitambaa yenyewe kwenye nyuzi hadi ikaikuta nta, ikasimama. Jina la kitambaa linadanganya. Hariri haihaririwi, ikishakunywa rangi, imekunywa.

Nje, upepo wa mwezi wa saba ulikuwa ukilaza nyasi, zote kavu, rangi ya ulezi.

Mama alikitazama kitambaa taratibu, kuanzia juu hadi chini, kama mtu anayekagua gauni alilopimiwa.

"Hapo katikati umeacha nafasi ya msalaba, kama kwenye kitambaa cha jeneza," alisema.

Epifania alikuwa ameshachovya brashi kwenye kijani cha majani, na tone lilikuwa likivimba kwenye ncha yake.

"Limependeza. Ila hayo maua ni ya mwezi wa kumi na moja, mwanangu."

"Si unayapenda, mama?"

"Nayapenda. Lakini sitayakuta. Nichoree nyasi za sasa hivi."

Tone likadondoka katikati, pale pa msalaba, ambapo hapakuwa na nta ya kulizuia.