Usianze Kula Bila Mimi

“Usianze kula bila mimi, Léonidas wangu. Nakuja sasa hivi.”

Xavérine aliyasema hayo kwa sauti ya chini, simu ameibana begani, huku akimkorogea Samwiri chai. Alidhani mlango wa jikoni umefungwa. Ulikuwa wazi kidogo, na siku hiyo masikio ya Samwiri hayakumwangusha.

Wangu. Neno hilo ndilo lililomchoma. Yeye naye aliitwa “Daktari wangu”, kwa sauti hiyo hiyo, na muda wote huo aliamini kwamba hakuna mwingine anayeitwa hivyo.

Alipoletewa chai aliinamia karatasi. Alijifanya anasoma. Jumamosi alikuwa atoe mhadhara kwa jumuiya ya Waghana kule Skärholmen, pembeni mwa jiji, na karatasi zake zilikuwa zimetapakaa meza nzima. Samwiri alikuwa daktari wa vitabu, mtaalamu wa takwimu za watu. Alikimbia Kampala enzi za Amin akiwa tayari na digrii yake, na hapa Stockholm akaishi kwa kuhesabu: nani anazaliwa, nani anakufa, nani anamlisha nani. Katika nchi zote alizozihesabu, Ghana ndiyo iliyomkaa moyoni.

“Sikiliza hii,” akamwambia Xavérine, ili tu asiondoke. “Zamani, kila Waghana mia wenye umri wa kufanya kazi walikuwa na watoto na wazee karibu tisini wa kuwabeba. Leo hawafiki sabini.”

“Basi wanapumua,” Xavérine akasema, akimfunga kifungo cha juu cha shati. Vidole vyake vilikuwa na joto.

“Wanapumua kwa sasa. Watoto wanapungua, lakini ngoja wazee waongezeke. Mzigo utarudi kwa mlango mwingine.”

“Na sisi wenye migongo ndio tutakaoubeba.” Alicheka, mkono mmoja umeshaingia kwenye koti.

“Ndio sisi,” Samwiri akaitikia. Siku zote alijihesabu upande wa wanaobeba. “Mbona leo una haraka?”

“Kuna mtu ananisubiri.”

Hakuficha hata kidogo.

“Mtu gani?”

“Ee, Daktari wangu, na wewe! Kunywa chai, itapoa.” Akamgusa bega, akatoka.

Juu ya kiti kilibaki kitambaa cha shingo, cha sufu ya kijani, ambacho Samwiri alimnunulia kwa pesa yake mwenyewe. Xavérine alikuwa amekikataa. “Kirudishe dukani,” alimwambia. “Watu watasema nini?” Samwiri alilala na swali hilo siku kadhaa: watu gani hao? Sasa alijua. Alikuwa ni mtu mmoja, na jina lake Léonidas.

Akavaa koti lake zuri, lile la mikutano, akashuka.

Njia za Rågsved, mtaa wake, zilikuwa bado na barafu pembeni, na goti lilimsumbua, lakini hasira ilimsukuma. Mbele yake koti jekundu la Xavérine lilikuwa likikata upepo. Akamwona anaingia dukani, anatoka na ndizi mbivu na mtindi. Mtindi! Yeye hajawahi kununuliwa mtindi. Kisha akamwona anasimama mbele ya jengo la ghorofa, anaingiza mkono mfukoni, anatoa ufunguo na kujifungulia kama anayefika kwake.

Samwiri akaongeza mwendo. Alidhani Xavérine ana ufunguo wa nyumba moja tu ya mwanamume, yake yeye.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akitoka na mbwa alimshikia mlango. Samwiri akapanda kwa lifti, akasoma majina kwenye milango mpaka akaliona lile alilokuwa akilitafuta. Akasogeza sikio.

Ndani maji yalikuwa yakimiminika. Yakakoma. Kisha sauti ya Xavérine, ya upole, ya kubembeleza:

“Fungua mdomo. Haya, kidogo tu.”

Mwanamume akacheka, kicheko kizito cha mtu aliyeridhika. “Una mikono mizuri wewe. Mungu alikuleta.”

Samwiri hakuweza kusikiliza zaidi. Akagonga kwa ngumi. Njiani alikuwa amepanga maneno, ya Kiganda kwa matusi, ya Kiswahili kwa lawama. Mlango ukafunguka. Xavérine alisimama mbele yake, mikono ya nguo imekunjwa hadi kwenye viwiko, maji yakimtiririka.

“Daktari! Umekuja kwa miguu? Na barafu hii?”

“Nataka kumwona,” Samwiri akasema. “Nataka kumwona huyo unayemkimbilia kila siku na kuniacha mimi na chai.”

“Unamjua Léonidas?”

“Nitamjua leo.”

Xavérine alitaka kumshika mkono. Yeye akauondoa, akampita, akaingia sebuleni kifua mbele.

Mezani, kwenye kiti cha magurudumu, alikaa mzee asiye na jino hata moja, amefungwa taulo shingoni, mtindi ukiwa kidevuni. Alimtazama Samwiri kuanzia viatu hadi mvi, pole pole, bila kuona haya. Kisha akamsogezea bakuli la ndizi zilizopondwa.

“Karibu, mzee mwenzangu. Lazima wewe ndiye wake wa asubuhi, yule wa hesabu za Ghana. Mimi ni wake wa mchana tu, usinikasirikie,” akasema. “Wa kuogopwa ni yule wa jioni. Huyo bado kijana, miaka sabini na tisa.”