Namba 520

"Hii mashine yako imetulia siku hizi," supavaisa alimwambia Emmaculate, akigonga skrini ya mashine ya kukatia chuma kwa kalamu. "Wiki tatu haijakataa pini hata moja. Wateja wetu wa Ruiru wanakusifu."

Emmaculate alitabasamu, kisha tabasamu likamkauka mdomoni.

Alifungua ukurasa wa variable, namba ambamo mashine huhifadhi vipimo vyake. Kila pini ya breki ikishakatwa, sindano ya kupimia huigusa, na kipimo huingia kwenye namba 520. Kikizidi au kikipungua, mashine husimama. Sasa namba 520 ilisema milimita 25.000. Pini iliyofuata, 25.000. Iliyofuata, vivyo hivyo.

Chuma hakina adabu hiyo.

Akatafuta kwenye programu. Mstari aliouandika kwa mkono wake wiki tatu nyuma, siku sindano ilipopelekwa kutengenezwa, ulikuwa bado pale: #520=25.000, ili kazi isilale. Sindano ilirudi, ikafungwa. Mstari akausahau. Tangu hapo, kila kipimo kilichoingia kilifunikwa papo hapo na namba yake.

Nje, lori lilikuwa linanguruma, makreti ya pini yameshapakiwa.

"Madam, weka sahihi tutoke Thika mapema!" dereva aliita.

Emmaculate alifuta mafuta kwenye kidole gumba, polepole, mpaka kwenye ukucha. Supavaisa alikuwa bado anatabasamu.

Akafuta mstari. Akabonyeza kitufe cha kijani. Kisu kikakata, sindano ikashuka, ikagusa.

Taa nyekundu ikawaka, king'ora kikalia karakana nzima.

Nje, dereva akazima injini.