Mgeni wa Bibi Dulari

Wembe ulikuwa kooni mwa Fergus pale kinyozi alipomuuliza kama mama yake alimzaa au alimwokota jalalani.

Lalit, mwenyeji wake, alitafsiri neno kwa neno, tena kwa raha zake. Waliokuwa wakisubiri zamu kwenye benchi wakaangua kicheko, na mmoja akaongeza, "Kaokotwa huyo. Huoni rangi? Alinyeshewa na mvua mpaka akachujuka."

Fergus alishikilia mikono ya kiti. Angefanya nini, na wembe uko palepale?

Alikuwa kijana wa Uskoti, mwalimu wa kujitolea aliyefundisha Kiingereza katika shule ya wasichana ya wilaya. Jumamosi ile alikuja Madhurapatti, mji wa jimbo la Bihar, India, wenye soko moja na mabwawa ya samaki kila upande, kwa jambo moja tu: alitaka kumwoa Vibha, mwalimu mwenzake, dada yake Lalit. Baba yao alishafariki, na neno la mwisho nyumbani lilikuwa la bibi yao, Dulari Devi. Bibi alikuwa ametuma ujumbe: "Aje kwenye harusi ya binamu yenu. Nitamtazama, halafu Jumapili nitasema."

Tangu afike, Fergus hakumtia Vibha machoni. Wanawake walikuwa ndani na shughuli za harusi, yeye akawekwa barazani na wanaume. Alichobaki nacho ni yale aliyoambiwa na Vibha shuleni: "Kwetu watu wana midomo. Wewe cheka tu."

Basi akacheka. Alicheka sokoni, muuza tambuu alipomwambia kuwa pua yake ingetosha kuanikia nguo za mtaa mzima. Alicheka bwawani, wavuvi walipomwita bata aliyenyonyolewa. "Shemeji, hebu ingia majini," walimwambia, "tuone kama unazama kama mtu." Lakini alipofika kwenye kiwanda cha sukari kilichokufa, ambacho alikuwa na hamu kubwa ya kukiona, kicheko kilikuwa kimemwishia. Mlinzi mzee alimtazama toka juu hadi chini, akakataa kufungua geti.

"Ndiye huyu? Mrudisheni kwao akamalize kunyonya."

"Wanajua nimekuja kwa ajili gani?" Fergus alimuuliza Lalit.

"Mji mzima unajua."

"Na wewe unawaachia tu wanitukane?"

"Mimi mwenyewe najizuia, kaka. Yangu ni mabaya kuliko yao."

Jioni Bibi Dulari alitoka barazani, kikongwe mfupi wa sari nyeupe. Akamzunguka Fergus kama anayekagua ng'ombe mnadani. Akasema miguu yake ya korongo, ndevu zake manyoya ya kuku mgonjwa, na mwanamke atakayempata ataamka usiku akidhani amelala na mzimu. Vicheko vya wanawake vikasikika dirishani, na kimoja Fergus alikitambua. Kilikuwa cha Vibha.

Hicho ndicho kilichomuuma. Matusi ya barabarani angeyameza, lakini si hili.

"Mwambie Bibi," alimwambia Lalit, "mimi nimekuja kwa adabu. Kwetu mgeni hatukanwi. Naomba na mimi niheshimiwe kama mgeni."

Lalit hakutafsiri. "Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Lala kwanza, Fergus. Umechoka."

"Mwambie."

Lalit akamwambia, macho chini. Bibi akauliza kitu kifupi.

"Anauliza kama kweli ndicho unachotaka."

"Ndicho."

Bibi akatikisa kichwa taratibu, akavuta upindo wa sari usoni, akaingia ndani. Vicheko vya dirishani vilikuwa vimekoma. Fergus alilala fofofo usiku ule, mtu aliyejitetea na kusikilizwa.

Kulipokucha mji ulikuwa umegeuka. Kinyozi alimwamkia kwa mikono miwili. Muuza tambuu alimfutia kiti. Mlinzi wa kiwanda alifungua geti mwenyewe na kumwita Bwana Mwalimu.

"Umeona?" Fergus alisema. "Ilikuwa ni kusema tu."

Lalit akageuka kurudi nyumbani.

Mchana ikawa karamu. Watu wa upande wa bwana harusi waliketi jamvini kwa mstari, kila mmoja na chakula chake juu ya jani la mgomba, na Fergus akakaa mwishoni mwao, pale alipoonyeshwa jana yake. Lalit akaja akamwinua, akampeleka kwenye viti, katikati ya daktari wa serikali na mkaguzi wa shule.

Nyuma ya uzio wa mianzi wanawake wakaanza nyimbo za matusi wanazoimbiwa wakwe tu. Walimwanza mjomba wa bwana harusi: mwizi wa mbuzi, tumbo la kuazima, mkewe katoroka na mfinyanzi. Mjomba alicheka hadi wali ukampalia.

"Ndiyo basi?" akapaza sauti. "Na kaka yangu? Mmemruka, mwenzenu anataka kununa."

Kaka mtu akapewa lake, akashika masikio kwa furaha kama anayekiri makosa. Wakashuka na mstari hadi kwa mtu wa mwisho jamvini. Daktari na mkaguzi waliendelea kula kimyakimya. Fergus alikaza mwili akingoja zamu yake, lakini wimbo ulikoma kabla haujafika vitini. Akashusha pumzi.

Bibi Dulari akatoka na shali tatu za hariri. Akamvika daktari, akamvika mkaguzi, kisha akasimama mbele ya Fergus, akamvika na yeye, akakunja mikono na kuinamisha kichwa.

"Anasema nini?" Fergus aliuliza, uso umemng'aa.

"Anasema, mgeni wetu, umetuheshimisha sana kufika kwetu," Lalit alisema. "Anakutakia safari njema."

Nyuma ya mianzi Vibha alianza kulia, na nje ya ua begi la Fergus lilikuwa limeshafungwa juu ya bajaji.