Jina Juu ya Ramani

Kwenye mfumo wa mawasiliano wa kampuni ya maji, Bahiya hakuwa na jina. Kila alichotuma kilisomeka: “Msaidizi wa Bwana Kitojo.”

“Nikuandikeje, dada?” aliuliza Semkiwa, msimamizi wa mfumo.

“Bahiya Mwinyimvua. Mhandisi.”

Semkiwa akaandika amri ya mstari mmoja kwenye skrini nyeusi. “Jina litabadilika hata kwenye kazi zako za nyuma. Bonyeza mwenyewe.”

Bahiya akabonyeza kwa nguvu mpaka kitufe kikalia.

Ukumbini, Kitojo alikuwa akiwaeleza wakurugenzi ramani ya bomba jipya, ameipa skrini mgongo. Juu ya ramani, jina likabadilika: “Mchoraji: Mhandisi Bahiya Mwinyimvua.”

“Hii ramani yangu…” aliendelea Kitojo.

Mlango ukafunguliwa, Bahiya akaingia. Mwenyekiti wa wakurugenzi akasoma jina kwenye skrini, akamtazama Bahiya, kisha akamvutia kiti cha mbele.