Majani ya Njano

Tangu bahari ivunje tuta na kuingia majarubani, Bi Mwanahawa alikuwa akichuma kila jani la mpunga lililogeuka njano. Katika mji ule, njano jarubani ilikuwa aibu ya mwenye shamba. Maumivu ya goti yalipomzidi, aliacha upande mmoja bila kuugusa.

Sasa upande alioususa ndio uliokuwa hai. Ule aliousafisha ulikuwa umekauka.

"Huku umepuliza dawa gani, mama?" aliuliza bibi shamba aliyekuja kukagua mpunga.

"Dawa gani? Huku sikufika kabisa."

Bibi shamba alichuma jani changa la juu, akampa atafune. Halikuwa na chumvi. Kisha akampa la chini, la njano. Bi Mwanahawa alilitema.

"Jani limejengwa kwa chembe zisizoonekana kwa macho, na kila chembe ina kifuko," alisema bibi shamba. "Mmea ukihisi chumvi, huunda protini za kuisukuma humo. Majani makongwe ndiyo yanayobeba nyingi, mpaka yanakufa. Machanga yanapona."

Bi Mwanahawa alikitazama kikapu chake cha majani ya njano, kilichojaa hadi ukingoni.

"Kumbe nilikuwa nafukuza wapagazi," alisema.

Kule mwisho wa upande uliokuwa hai, binti yake Salha alikuwa ameinama, akimpunguzia mama mwenye goti bovu kazi iliyobaki. Bi Mwanahawa alimwita kwa nguvu.

Salha aliinuka, akampungia mkono uliojaa majani ya njano, kisha akainama tena.