Mgonjwa wa Kujizoezea

"Mukono usiinue, Mama. Ule umekufa."

"Nasikia," alijibu Mama Virginie, na mkono wake wa kushoto ukatulia juu ya kitenge kama kipande cha kuni.

Ugonjwa wa kupooza upande mmoja alikuwa ameuchagua mwenyewe asubuhi hiyo, bintiye Keren alipoingia na beseni ili ajizoeze kuuguza. Kitenge cha Mama kilikuwa na doa bichi la chai.

Keren alikamua kitambaa, akamwosha bega, akinong'ona sentensi za Kijerumani alizozikariri. Macho yalimwuma kwa usingizi. Kesho angefanya mtihani wa vitendo. Akifaulu, angekwenda Ujerumani kutunza wazee. Nafasi ya kwanza aliiacha mwaka jana, Mama aliposhikwa na malaria, akabaki nyumbani Ruashi kumuuguza. Hii ya pili ndiyo ya mwisho.

"Kule bazee beko bengi vile?"

"Bengi, Mama. Bantu habazale tena. Serikali inabalipa ili bazale, na bado habatake."

"Na huku banatuambia tupunguze." Mama alicheka kidogo, upande mmoja wa mdomo. "Basi babadilishane bantu."

"Njo maana naenda, Mama."

Keren akakamua kitambaa tena. Mama Virginie alizaa watoto wanane. Wawili aliwazika. Watano walitawanyika kwenye migodi ya Kambove na Kinsevere kutafuta shaba, na simu zao zilizidi kuwa chache. Keren ndiye kitinda mimba.

"Miye nilizalaka bengi," Mama alisema taratibu, "juu nisikose wa kuniogesha."

"Si mimi huyu nakuogesha?"

"Ni wewe, mwana yangu."

Keren akapitisha mikono chini ya mgongo wake, akamgeuza. Akahema.

"Leo uko muzito. Juzi ulikuwa unanisaidia kugeuka."

"Juzi sikuwa najua kazi. Niko nafanya muzuri?"

"Muzuri sana. Hata bale tunajifunzia ku santre ya mafunzo habakushinde."

Akamkausha, akamfunika, akamwaga maji uani. "Tumemaliza. Inuka basi, tukunywe chai."

"Enda ku santre, taksi itakuacha. Acha nipumzike."

Keren akambusu paji la uso, akatoka.

Mama Virginie alisikiliza mpaka nyayo zikapotelea barabarani. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, akaushika ule wa kushoto, akauinua kutoka pale ulipolala tangu alfajiri ulipoangusha kikombe cha chai.